Koti ya Kila Nyumba

Mwalimu Aron Kipkosgei alinyang'anywa somo la historia kwa sababu hakuweza kusema kodi. Alisema koti. Watu wengi kwetu husema hivyo mpaka leo. Sisi Wakipsigis, d na t ni kitu kimoja mdomoni, na g na k, na b na p, na hakuna mtu aliyewahi kulala njaa kwa sababu hiyo. Yeye alikosa darasa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, katika shule ya msingi iliyo kilimani juu ya Sosiot. Jina lake silitaji, kwa sababu walimu walioko sasa hawahusiki. Nilikuwa darasa la saba na ndevu zilikuwa zimeanza kutoka. Nilichelewa kuingia shule kwa sababu ng'ombe walihitaji mtu na mtu huyo nilikuwa mimi. Wenzangu waliniita Mzee. Walimu nao waliniita Mzee, na mmoja wao aliacha kabisa kunichapa kwa sababu, alisema, inaonekana kama watu wazima wawili wanapigana.

Sikuwa mwerevu. Hesabu ilinishinda, Kiingereza kilinishinda zaidi. Kilichonileta shuleni kila siku, na matope yale ya kufika kwenye vifundo, kilikuwa historia ya Mwalimu Aron.

Wakati huo historia haikuwa somo la peke yake. Ilichanganywa na jiografia na uraia, tukaiita GHC. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo nchi yetu ilianzia katikati. Na aliyepanga ratiba alikiweka kipindi hicho baada ya chakula cha mchana. Mtu wa Kericho anajua maana yake. Kwetu mvua hunyesha alasiri. Asubuhi jua linawaka, majani ya chai yanang'aa mpaka macho yanauma, halafu saa nane hivi wingu linatoka upande wa msitu na kukaa juu ya shule. Darasa lilikuwa la mabati bila dari. Mvua ikianza hapo juu, na mara nyingine ni mvua ya mawe, unaweza kumpigia kelele mtu uliyeketi naye dawati moja asikusikie.

Walimu wengine mvua ikinyesha walikunja mikono wakangoja, au waliandika ubao mzima tukanakili. Mwalimu Aron hakungoja. Alifundisha kwa vitendo, kama bubu. Tulijenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu ndani ya darasa lile. Mlango ulikuwa Mombasa, dirisha la nyuma lilikuwa Kisumu. Wadogo walilala sakafuni wakawa mataruma ya reli, na gari la moshi, ambalo lilikuwa mimi, likapita juu yao pole pole lisimkanyage mtu. Chemutai alikuwa simba wa Tsavo. Aliwala watu wawili karibu na kabati na akakataa kuwaachilia mpaka kengele ikalia. Mkutano wa katiba kule London tuliufanya kwenye madawati mawili yaliyounganishwa, na Mwalimu akazunguka nyuma yetu akitumiminia chai ya hewa kutoka kwa birika la hewa, akimpa kila mmoja kikombe na kuinama kidogo. Mvua ilipopungua alituambia Mzungu hawezi kukurudishia nchi yako kabla hujamaliza chai yake.

Nikisikia mvua ya mawe kwenye mabati hata sasa, mwili wangu unataka kusimama na kwenda kuwa gari la moshi.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwalimu wa daraja la P3, lile la chini kabisa, na alikuwa amebakisha miaka michache astaafu. Alivaa kabuti la jeshi lililorudi na baba yake kutoka Burma, zito, rangi ya udongo, limepigwa viraka kwenye viwiko. Kabuti hilo lilifanya kazi kuliko kitabu. Lilikuwa meli, lilikuwa Mlima Kenya, siku moja lilikuwa Malkia.

Siku ya somo la kodi lilikuwa nyumba.

Alilitandika juu ya kiti chake, mikono ikaning'inia pande mbili kama nguzo za mlango. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza. Akawa karani, anakwenda nyumba hadi nyumba na daftari la hewa, anapiga hodi, anaandika. Akageuka akawa mwenye nyumba, anageuza mifuko nje, hana kitu. Karani akanyoosha kidole mbali, huko chini kwa Wazungu. Mwenye nyumba akaenda, akachuma chai kwa vidole vyake kumi, akafuta jasho, akarudi, akampa karani kitu kilichofichwa ndani ya ngumi. Karani akaenda zake. Halafu, tazama, karani akarudi tena mwaka uliofuata. Mwenye nyumba akashika kichwa. Mwalimu alikuwa akipaaza sauti katikati ya kelele za mabati, na kilichofika kwetu kilikuwa maneno mawili matatu tu: "Kila nyumba! Koti! Kila mwaka, koti!" Na kila alipolisema aligonga kile kiti chenye kabuti.

Nitasema wazi nilichoelewa mimi, na nusu ya darasa pamoja nami. Tulielewa kwamba Wazungu walipofika Kericho walikuta kuna baridi, hawakuwa wamejitayarisha, wakadai koti moja kwa kila nyumba.

Nyuma kabisa aliketi Bonareri. Yeye hakuwa Mkipsigis. Baba yake, Nyagaka, na mama yake, Esnah, walikuwa wachumaji chai katika shamba la kampuni chini ya shule yetu, watu wa Kisii waliokaa kwenye kambi ile miaka mingi. Mwaka wa tisini na mbili, nyumba zilipochomwa na watu wakafukuzana, walikimbia na vyombo vichwani. Walirudi kampuni ilipowarudisha kazini, na Januari ya tisini na nne Bonareri alipanda kilima akajiunga nasi. Alikuwa mtoto mkimya. Mwandiko wake ulikuwa kama wa kitabu, na aliandika kila kitu mwalimu alichosema. Tulimtania kwamba mwalimu akikohoa anaandika.

Aliandika koti. Kwao Kisii, koti ni koti na kodi ni kodi, na alichosikia hakikuwa kodi.

Mwaka huo pia tulipata mwalimu mkuu mpya, Madam Tecla. Sina ubaya naye. Alikuwa kijana, amesoma, na shule yetu ilikuwa ya mwisho katika mtihani wa eneo zima, kwa hiyo alikuja na ufagio. Alimwambia Mwalimu Aron bila kuzunguka kwamba watu wa P3 sasa ni wa madarasa ya chini, na kwamba matamshi yake yanawaharibu watoto wa mtihani. Mwalimu alimwomba amwachie historia. Wakakubaliana hivi: Julai kuna siku ya wazazi, mkaguzi wa elimu atakuja. Darasa la saba lionyeshe historia linayoijua. Mkaguzi akiridhika, Mwalimu abaki na somo lake mpaka astaafu. Asiporidhika, aende darasa la kwanza.

Mwalimu alitueleza yote haya mwenyewe, amesimama kando ya dirisha. Hakuwa mtu wa kuficha. Alisema darasa la kwanza hakuna historia, watoto wa pale hata jana hawaikumbuki. Tulicheka. Yeye hakucheka sana.

Basi tukatunga mchezo wa kuigiza. Kazi ya kuuandika alipewa Bonareri, kwa sababu ya ule mwandiko na kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa na maelezo kamili. Mimi nilipewa nafasi ya karani, kwa sababu ya ndevu. Tulifanya mazoezi wiki nyingi baada ya masomo, na Mwalimu aliketi pale akisikiliza kila neno. "Toa koti!" nilisema. "Sina koti," akajibu mwenye nyumba. "Basi nenda kwa Mzungu ukachume chai upate koti." Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sikioni mwake hamkuwa na kosa lolote. Bonareri alipolitamka kama lilivyoandikwa, la kuvaa, Mwalimu alisikia la kulipa. Tulitumia sweta zetu mahali pa makoti, tukavuliana na kuzirundika mezani, naye akadhani sweta ni nyumba, kama kabuti lake lilivyokuwa nyumba. Alitusifu hata. Alisema tumeanza kufikiri.

Kwa siku yenyewe tulitaka makoti ya kweli. Mimi nilimwendea nyanya yangu, kogo Chepngeno, aliyekuwa ameficha koti la marehemu babu ndani ya sanduku la bati. Aliuliza la nini. Nikamwambia ni la kulipa koti. Akasema koti ya serikali ilikwisha kulipwa zamani, babu yako aliilipa mpaka akakonda, ni nani tena anadai? Nikaona basi, hata kogo anajua habari hii. Nikaondoka na koti nikiwa na imani kamili.

Siku ya wazazi ilikucha nzuri. Viti vililetwa kutoka kanisani. Kina mama waliketi kwenye nyasi upande mmoja na vitambaa vyao vya kichwani, wazee upande mwingine, wote ndani ya makoti, kwa sababu mzee wa kwetu hawezi kutoka nyumbani bila koti hata jua liwe kali namna gani. Watu wa kambi walikuja pia, wakasimama nyuma karibu na ua wa michai, na Nyagaka alikuwa kati yao amevua kofia. Mbele aliketi Madam Tecla, na mwenyekiti wa kamati ya shule, na mkaguzi. Mkaguzi alikuwa mtu wa mbali. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

Mchezo ulianza vizuri mno. Nilitembea nyumba hadi nyumba na kofia ya karatasi, nikasema "Toa koti!", na wazee wakaguna kwa uchungu kabisa, kwa sababu wao walisikia kodi na waliikumbuka. Mmoja alitema mate. Mwingine aliniambia kwa Kikipsigis nitoke kwenye boma lake, akasahau kwamba naigiza. Mwalimu Aron alikuwa amesimama kando na uso wake uling'aa. Hata mkaguzi alikuwa ameegemea mbele. Watoto walivua makoti ya baba zao, nami nikayarundika mezani, rundo likawa kubwa, na hakuna aliyeuliza lolote. Neno lenyewe likiwa moja, lilipita.

Kilichotuangusha ni wingi.

Bonareri ndiye aliyekuwa msimulizi, na maneno yake ya kufunga aliyamaliza kuandika jana yake usiku, Mwalimu hakuwa ameyasikia. Alijitokeza mwishoni, akasimama wima, mikono nyuma, akasema kwa sauti safi: "Kwa hiyo babu zetu walibaki wakitetemeka kwa baridi, na makoti yote yakapakiwa kwenye gari la moshi, yakapelekwa Ulaya."

Mkaguzi aliuliza nini kilipelekwa Ulaya.

"Makoti," Bonareri akasema.

Halafu watu wa kambi, wale wa nyuma, walikuwa wa kwanza kuelewa, na mtu mmoja akaachia kicheko. Kikaenea. Mkaguzi alitoa kitambaa akafuta macho. Alisimama, akachukua koti la babu yangu kutoka kwenye rundo, akalinyanyua juu, akamgeukia Mwalimu Aron kwa upole tu, nadhani hakukusudia ubaya.

"Mwalimu, Wazungu walitoza nini?"

"Koti," Mwalimu akasema.

"Hili?"

"Hapana. Koti."

Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Mwalimu alitazama huku na huku. Hakujua wanacheka nini, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alipolijua, nililiona likiingia usoni mwake kama maji baridi. Akajaribu kulinyoosha.

"Nilisema koti," alisema. "Sikusema koti."

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo tena. Wazee wenyewe walicheka, nao wangeulizwa wasingeweza kulisema vizuri zaidi. Mwalimu akangoja. Alitia mkono mfukoni, akatoa sarafu ya shilingi moja, akaiinua kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akashika ukosi wa kabuti lake. "Hii ni koti," alisema, akionyesha shilingi. "Na hii ni koti. Serikali ilitaka hii. Watoto wamesikia hii. Sasa mnajua." Akairudisha shilingi mfukoni.

Baada ya chakula, mimi na Bonareri tuliitwa ofisini. Ofisi ilikuwa chumba cha mbao chenye meza moja. Walikuwepo Madam Tecla, mkaguzi, mwenyekiti wa kamati, na Mwalimu Aron, aliyesimama karibu na mlango. Mwenyekiti huyu na Mwalimu walikuwa bakule, yaani walitahiriwa pamoja, wakakaa jandoni pamoja, na kwetu mtu wa namna hiyo yuko karibu kuliko ndugu. Walikuwa wakinywa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu kimoja tangu ujana wao. Alikuja ofisini kumwokoa mwenzake, na njia aliyoiona ilipita juu ya Bonareri.

Alisema mtoto huyu anajua Kiswahili kutushinda sote. "Alijua ni koti," alisema.

Mkaguzi aliinua kichwa.

"Ile ya pesa," mwenyekiti akasema. "Alijua. Ameandika hii nyingine kusudi, atuchekeshe mbele ya wageni. Mmewaona watu wake pale nyuma? Ni nani alianza kucheka?"

Alisema pia kwamba watu waliorudishwa juzi wangefaa kukaa kwa adabu, na kwamba kama hawajui adabu njia ya Kisii bado iko mahali pake. Hapo nilimtazama Bonareri. Hakulia. Alikuwa amebana midomo na alikuwa akitazama dirishani, na kule dirishani baba yake alikuwa amesimama kwenye nyasi na kofia mkononi, peke yake, watu wengine wamesogea mbali naye.

Madam Tecla alieleza mambo kwa utaratibu. Kama mwanafunzi alibadilisha maneno ya mwalimu, basi mwalimu hana kosa na makubaliano ya historia yanabaki. Mwanafunzi atafutiwa shule nyingine. Kama mwanafunzi hakubadilisha, basi darasa zima limefundishwa hivyo kwa muhula mzima, na yeye kama mwalimu mkuu hawezi kulikalia hilo. Alimuuliza Bonareri alisikia nini.

"Nilisikia koti, Madam. Na kwa kiti kulikuwa na koti."

"Uongo," mwenyekiti akasema.

Mkaguzi alimgeukia Mwalimu Aron. Alisema yeye hakuwepo darasani, aliyekuwepo ni mwalimu, na ataandika atakachoambiwa na mwalimu. Akashika kalamu. Mwenyekiti akamwambia Mwalimu maneno machache kwa Kikipsigis. Nitayaandika kwa sababu niliyasikia: alimwambia asiwe mpumbavu, aseme ndiyo tu, waende nyumbani.

Mwalimu hakufikiri muda mrefu. Watu hupenda kusema kwamba mtu alifikiri sana. Yeye hakufikiri sana.

"Hakubadilisha kitu," alisema. "Aliandika nilichosema. Ulimi ni wangu."

Mwenyekiti alisonya.

"Lakini waulize watoto hawa kwa nini babu zao walikwenda kuchuma chai," Mwalimu akaendelea. "Muulize huyu Mzee hapa."

Mkaguzi aliniuliza. Sikuwa na Kiingereza cha kujibia, nikajibu kwa Kiswahili changu hicho hicho. Nilisema walidaiwa kitu ambacho hawakuwa nacho, na kitu hicho kilipatikana kwa Mzungu peke yake, kwa hiyo ilibidi waende kwake, wakilipa anadai tena mwaka unaofuata.

Mkaguzi alisema hilo ni jibu zuri. Halafu akasema mtihani hauulizi hivyo, unauliza kitu hicho kinaitwaje. Akaandika. Madam Tecla alimwambia Mwalimu pole, na nadhani alimaanisha.

Mwenyekiti alitoka kwanza, akapita karibu na Mwalimu bila kumshika mkono. Mwalimu alivaa kabuti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akamwambia Bonareri aende kwa baba yake kabla mvua haijaanza. Mimi alinituma nirudishe makoti kwa wenyewe, kila moja kwa nyumba yake, na niangalie nisiyachanganye. Nilizunguka kilima kizima jioni ile nikipiga hodi na makoti begani. Nyumba ya tatu au ya nne nilianza kucheka peke yangu njiani. Kogo alinipokea mlangoni, akalikagua koti la babu mifuko yote. Akauliza kama serikali imeridhika.

Muhula wa tatu tuliletewa mwalimu mwingine wa historia, kijana, mzuri, anasema kodi inavyopaswa. Mvua ikinyesha alijaza ubao na sisi tukanakili. Nilinakili reli yote kutoka Mombasa mpaka Kisumu, pamoja na miaka yake, na gari la moshi halikupita. Darasa la kwanza lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Mvua ikipungua tulimsikia Mwalimu Aron akiimbisha watoto a, e, i, o, u. Siku moja tulisikia viti vikiburutwa na kishindo cha watoto wengi wakilala sakafuni, na Chemutai, aliyeketi mbele yangu, akaacha kuandika. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama sisikii wanajenga nini pale. Nikamwambia nasikia. Kijana yule alituambia tuendelee kunakili.

Mwalimu Aron alistaafu kutoka darasa hilo hilo la kwanza. Nilimkuta mara moja sokoni Sosiot, miaka kadhaa baadaye, anauza maziwa. Alikuwa ndani ya kabuti lile. Nilimwuliza kama anajuta. Alisema watoto wa darasa la kwanza ni mataruma mazuri sana, hawatikisiki. Halafu akaniuliza kama nimelipa koti ya mwaka huu, tukacheka mpaka mama wa kibanda cha karibu akatuuliza kuna nini. Hatukuweza kumweleza. Mwenyekiti alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akingoja gari la majani ya chai. Alituona, akageuka akatazama upande mwingine, na Mwalimu akaacha kucheka.

Basi kauli ile ya ofisini ilimgharimu Mwalimu hivi. Historia ya darasa la saba na la nane, asiirudie tena. Dirisha lake. Bakule wake mmoja, ambaye hakumwamkia tena mpaka siku ya kumzika Mwalimu, na hata kaburini alisimama nyuma. Wenzangu iliwagharimu Vita vya Pili na Uhuru, ambavyo tulikuwa bado hatujaigiza, wakaja kuvisoma ubaoni. Mimi ilinigharimu shule. Hakuna aliyenifukuza. Niliona tu sina tena kinachonipandisha kilima kile kwenye matope, na mwaka ulipokwisha nikaenda kuchuma chai.

Bonareri alimaliza darasa la nane pale pale, akafaulu, akaenda sekondari. Yeye hakutozwa kitu.